Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayekwenda kuzamia Jinja

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia umepata kazi kwenye vizimba vya samaki huko Jinja, Uganda, kwenye Ziwa Victoria, na kwamba utakuwa unazamia kukagua nyavu. Hongera. Cheti chako ni cha Mombasa na najua ulifundishwa vizuri, ila tajiri wa vizimba hulipa nyavu zikishakaguliwa, halipi muda wako wa kukagua vifaa. Haraka itaanzia hapo. Naandika hadharani kwa kuwa hauko peke yako kwenye mashua hizo.

Mtungi wa hewa usiuache umesimama wenyewe, hata kwa muda wa kufunga zipu tu. Ulaze. Ukianguka vali ikavunjika, mgandamizo wa hewa wa bar 200 uliomo hauna adabu kwa mtu. Wala usiuanike: mtungi uliojaa hupanda karibu bar 7 kwa kila nyuzi joto kumi, kwa hiyo ulichosoma juani sicho utakachokuwa nacho ukishapoa majini. Mkanda wa jaketi linalobeba mtungi ulowe kwanza ndipo uukaze, maana nailoni hulegea ikilowa na mtungi ukaanza kuteleza mgongoni. Itazame oringi, ile pete ya mpira ya vali. Ikiwa imepasuka au imekauka, badilisha. Tembea na za akiba.

Sasa vali yenyewe. Ifungue polepole, kioo cha geji ya kupimia mgandamizo kikiangalia pembeni, si usoni pako wala pa mwenzako. Fungua mpaka mwisho. Wazamiaji wa zamani watakwambia urudishe nyuma kidogo. Mimi siupendi mtindo huo. Mtu wa kukusaidia akichanganya upande, ataifunga kabisa kisha aifungue kidogo tu, na wewe hutajua, kwa sababu juu ya maji hewa itakutosha na geji itasoma 200. Taabu huanza chini, unapohitaji hewa nyingi zaidi kwa kila pumzi. Kwa hiyo vuta pumzi nne au tano kwenye regulata, kile kifaa cha mdomoni kinachokupa hewa, huku macho yako yako kwenye mshale. Ukishuka kila unapovuta kisha ukarudi, vali haijafunguka. Hili usiliruke hata kama nahodha ameshawasha injini, na mtu yeyote akigusa vali yako baadaye, lirudie.

Risasi, yaani vile vizito vya kukuzamisha, ulizokuwa ukifunga Mombasa ni nyingi mno kwa ziwa. Maji ya chumvi ni mazito kwa kama asilimia 2.5, kwa hiyo ukiwa na kilo 100 pamoja na vifaa vyako, punguza kilo mbili na nusu hivi, kisha pima upya mtungi ukiwa umekaribia kwisha. Hewa nayo ina uzito, karibu kilo 3 kwenye mtungi wa lita 12 uliojaa. Kamba yoyote isipite juu ya mkanda wa risasi. Kisu kiwe mahali mikono yote miwili inafika, kwani kazi yako ni nyavu.

Na Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jedwali la muda wa kukaa chini ulilosoma pwani halikuhusu tena. Kuanzia mita 300 hivi mahesabu hubadilika. Kompyuta yako ya kuzamia iwashe nchi kavu uone kama imetambua mwinuko. Nyingine hutambua zenyewe, nyingine husubiri uziambie.

Kukaguana na mwenzako mnakujua. Fanyeni mara moja macho yakiwa yamefumbwa, kila mmoja akishika vali, regulata ya akiba na bizimu ya mkanda wa risasi wa mwenzake, kwa sababu maji ya huko yakichafuka hayaonyeshi kitu.

Kisha kompresa, mashine ya kujazia mitungi. Waulize nani hubadilisha filta, lini, na bomba la kuvutia hewa liko upande gani wa moshi wa injini. Moshi ukiingia mtungini hutausikia kila mara: kaboni monoksidi haina harufu, na ukishuka nayo sumu yake huzidi. Ukisikia ladha ya mafuta au ya moshi, mtungi huo urudishe, wote walioko kwenye mashua wakikutazama. Mama yako nimemwambia kwamba wakikufukuza kwa hilo, nauli ya kurudi nyumbani ni juu yangu.

Mjomba wako