Stima ikipotea, mtahiniwa asihesabiwe ameacha mtihani

Kwako Mhariri,

Nimeiandikia barua pepe bodi ya mitihani ya uhasibu niliyojisajili nayo, yenye makao yake ng'ambo, mpaka nimechoka kujibiwa na mashine. Naomba nafasi katika gazeti lako, maana najua siko peke yangu Mombasa hii mwenye dukuduku hili.

Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na naishi Kibokoni, katika Mji wa Kale. Nilikuwa nifanye karatasi ya ukaguzi wa hesabu mwezi wa Juni. Corona ikaingia Machi mwaka huu wa 2020, shule zikafungwa, kafyu ikaja, na Aprili kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikawekewa marufuku ya kutoka na kuingia. Mei 6 ikafika zamu yetu wa Mji wa Kale kufungiwa mtaani, sisi na wenzetu wa Eastleigh kule Nairobi: polisi kwenye kila njia ya kutokea, na ni katikati ya Ramadhani. Mtihani wa Juni ukafutwa. Sikunung'unika. Nani angetaka watu wajazane ukumbini wakati ule? Ada yangu ikahamishiwa Septemba, nikashukuru, nikaendelea kusoma.

Kilichoniudhi ni cha Septemba. Tuliambiwa kumbi za Mombasa bado hazijafunguliwa, anayetaka afanyie nyumbani kwa laptopu huku akitazamwa kwa kamera na msimamizi aliye mbali. Masharti yake sasa: chumba kiwe kitupu, mlango ufungwe, asiingie mtu, isisikike sauti ya mwingine, simu isiguswe, macho yasibanduke kwenye kioo.

Aliyeyaandika hajapata kulala Kibokoni. Nyumba zetu zimebanana. Ukuta wangu ndio ukuta wa jirani, na akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi mimi namsikia. Ilibidi mamangu awachukue watoto wa dada yangu akashinde nao nyumba ya chini tangu adhuhuri. Feni niliizima kwa sababu inalia, na dirisha la njiani nikalifunga. Anayeijua Mombasa anajua joto la chumba kama hicho.

Tulianza saa nane mchana. Msimamizi, ambaye sura yake sikuiona, aliniamuru nizungushe laptopu chumba kizima: chini ya meza, nyuma ya mlango, hadi juu ya kabati anapoweka mama masufuria yake ya karamu. Nikatii. Ilipofika alasiri muadhini akaadhini, na papo hapo maandishi yakatokea kwenye kioo kwamba kuna sauti ya mtu chumbani na hilo ni onyo. Nikajibu kuwa ni adhana. Akaniuliza kama naweza kuomba ipunguzwe. Mhariri, Msikiti wa Mandhry uko hapa Mji wa Kale tangu karne ya 16. Niende nikawaambie wanyamaze, binti fulani ana mtihani?

Hilo nalo likapita. Kabla ya saa kumi stima ikapotea. Laptopu ilikuwa na chaji, lakini rauta ilizimika na intaneti ikaenda nayo. Bando lilikuwamo kwenye simu, na simu ndiyo hiyo isiyoguswa. Nilipoamua liwalo na liwe nikaiunganisha, programu ilikuwa imeshanifungia nje. Stima ilirudi magharibi.

Jibu la bodi ni kwamba mtahiniwa aliacha mtihani kabla ya muda kwisha, ada hairudishwi, na umeme na intaneti ni jukumu la mtahiniwa mwenyewe. Ada hiyo hulipwa kwa pauni za Uingereza. Niliilipa kwa zamu yangu ya chama cha kuchangiana, kabla mshahara haujakatwa nusu. Leo sina za kulipa upya, na mwajiri wangu, aliyeniahidi kunipandisha nikipita karatasi hii, ameniuliza mbona rekodi inaonyesha nimekimbia.

Ukumbini stima ikipotea kuna jenereta, na isipowaka hakuna atakayesema kosa ni la aliyeketi kwenye dawati. Walipouhamisha ukumbi ukawa chumba chetu, walihamisha na hasara. Chumba ni changu, stima ni yangu, kosa ni langu. Ada peke yake ndiyo iliyobaki kuwa yao.

Wala corona haiwezi kuwa jibu la kila kitu. Baa zimefunguliwa, kafyu imesogezwa hadi saa tano za usiku, na wanasiasa wanajaza viwanja, barakoa zikining'inia kidevuni. Wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne wamerudi shuleni tangu Oktoba 12, na Profesa Magoha, waziri wa elimu, amekwisha kuwatangazia tarehe: KCPE, mtihani wa darasa la nane, kuanzia Machi 22 na KCSE, wa kidato cha nne, kuanzia Machi 25 mwaka ujao wa 2021. Hakuna mtoto aliyeambiwa KCSE akaifanyie jikoni kwao.

Hoteli za Pwani zina kumbi zilizo tupu kwa kukosa watalii. Bodi ikodi mmoja, iketishe watu mbalimbali, iache madirisha wazi. Wenye nyumba kubwa za Nyali na jenereta zao, kama wanapendelea kufanyia nyumbani, wafanyie. Siwaonei wivu, au tuseme nawaonea kidogo tu. Sisi wengine tupewe ukumbi.

Kwangu mimi nataka rekodi ile irekebishwe, na ada niliyolipa itumike kwa mtihani wa Desemba. Usajili unakaribia kufungwa, na fomu nilipoifungua jana ilinitaka nilipe yote tena.

Mtahiniwa,
Kibokoni, Mombasa
(Jina limehifadhiwa)