Usininunie, lakini vita tunavijua

Sahibu yangu,

Salaam sana, na pole kwa kungoja. Nimekawia kujibu kwa sababu ya sentensi yako moja iliyonikaa kooni kama mwiba wa samaki: eti Mtanzania kwa asili ni mtu wa amani, vita si jadi yetu. Leo naipinga.

Kambi ya Lugalo unaipita kila ukija Dar. Jina hilo lilitoka wapi? Ni pale Wahehe wa Mkwawa walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akafia palepale. Watu wasiojua vita hawaipi kambi ya jeshi jina la namna hiyo. Ila kumbuka pia kwamba askari wengi waliokufa na Zelewski walikuwa weusi kama sisi.

Halafu njoo vita vya Maji Maji, 1905. Pamba ya shuruti na kodi zimewachosha watu wa kusini, mganga Kinjekitile anagawa pale Ngarambe maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na shuleni tukaimbishwa umoja wa makabila. Umoja ulikuwepo, sikatai. Lakini Wahehe walewale, ambao Mkwawa wao alijiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa, safari hii walisimama upande wa Mjerumani. Ndani ya miaka 14 tu tangu Lugalo! Mimi siwalaumu. Walikwisha kuonja gharama, na wenzao wa kusini wakaja kuionja: mashamba na maghala yakachomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Vita vya Wazungu vya 1914 siviiti vyetu, ingawa wapagazi wetu walikufa humo kwa maelfu na Kariakoo imebaki na jina lao.

Ninachotaka hasa kukuandikia ni Kagera. Unamjua baba mdogo, yule aliyekwenda na mgambo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia hadi mto Kagera, daraja la Kyaka likabomolewa, na Mwalimu Nyerere akatangaza redioni kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Ni Mwalimu yuleyule ambaye Januari 1964 askari wake waliasi hadi akalazimika kuwaita Waingereza, kisha akalivunja jeshi lote na kuunda jipya, hili JWTZ tulilo nalo. Baba mdogo anasema siku ya hotuba hakuna aliyebisha. Kumtoa nduli kwenye ardhi yetu, nani angebisha?

Ubishi ulikuja baadaye, kwa sauti ya chini. Tukavuka mpaka, tukachukua Mutukula, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kule Monrovia, kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, wa Julai, baadhi ya marais walimsema Mwalimu kwa kumng'oa kiongozi wa nchi nyingine. Hapa nyumbani ubishi haukuwa wa sheria. Ulikuwa wa sukari. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, nawe unajua jinsi miezi hiyo ilivyorefuka. Baba mdogo akianza kusimulia Uganda, matope, mvua na watu wa Kampala waliowapokea kwa vigelegele, mama mdogo humkata: "Amin mlimpiga ninyi, foleni zikatupiga sisi." Naye hunyamaza. Miaka yote hiyo wamelala kitanda kimoja, na hawajakubaliana kama ile safari ilistahili kupita mpakani.

Hii ndiyo jadi yetu ninayoiona mimi. Tunapigana, kisha tunagombana ndani kwa ndani kuhusu tulichopigania. Desemba 2017, majeneza ya vijana wetu wasiopungua 14, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, yaliporudi kutoka Kongo, nilisikia msiba mmoja na maneno mawili: wengine wakiwaita mashujaa, wengine wakiuliza tulifuata nini kule. Na katika daladala moja, mama mmoja aliyasema yote mawili kabla hajashuka.

Ukija likizo nitakupeleka kwa baba mdogo. Medali yake ya Kagera anaiweka kwenye kopo pamoja na vifungo na sindano za mkewe. Mzee atataka kukuonyesha mara tu ukikaa. Nakuomba uanze kwa mama mdogo.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo wa siku zote