Tozo ya foleni Mbeya: sisi wa baiskeli mmetuweka wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeshauri wenye magari binafsi watozwe fedha kila wanapoingia Mwanjelwa na Kabwe asubuhi na jioni, ili foleni ipungue. Na tozo yenyewe sina ugomvi; gari sina. Mimi ni fundi baiskeli hapa Soweto. Kinachonisumbua ni kwamba barua yake ilitaja bajaji, daladala, malori, hata mikokoteni, ila baiskeli haikutajwa popote.

Alitoa mfano wa London. Mfano mzuri, lakini aliusimulia nusu. Binti yangu anasoma uhandisi ujenzi hapa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, nikamwomba anitafutie nusu iliyobaki. Tozo ya London ilianza Februari 2003, pauni 5 kwa siku, na tangu hapo imepandishwa mara kadhaa. Mwanzoni magari yaliyoingia katikati ya jiji yalipungua kwa karibu asilimia 18. Baiskeli hazilipi kitu, na watu wengi wakahamia huko. Sasa ajali je? Watafiti waliopekua rekodi za polisi wameona kwamba kwa jumla ajali zilishuka ndani ya eneo la tozo. Hapo ndipo wengi huishia kusoma. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012 uliwatenga majeruhi kwa aina ya chombo, ukakuta walioumia ndani ya magari wamepungua, huku wa pikipiki na baiskeli wakiongezeka.

Wapo watakaosema waendesha baiskeli walikuwa wengi zaidi, kwa hiyo lazima na majeruhi wawe wengi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini barabara ikipungua magari, yale yanayobaki hukimbia, na hilo mimi sihitaji chuo kulijua. Nalisoma kwenye magurudumu.

Baiskeli iliyoumia ndani ya foleni huletwa na usukani uliopinda, pedeli iliyokunjwa au breki ya mbele iliyong'oka. Mtu kafunguliwa mlango wa gari, au bajaji imejipenyeza ikamkwangua. Mwenye baiskeli anaikokota mwenyewe, anamtukana dereva wa watu mbele yangu, anakaa kwenye benchi kusubiri, na jioni anaondoka nayo. Baiskeli iliyogongwa barabara ikiwa nyeupe ni habari nyingine. Gurudumu la nyuma limepiga nane, kariya imezama kwenye spoki, fremu imekatika kwenye maungio. Hiyo mara nyingi huletwa na ndugu au jirani, na haulizi itatengenezwa kwa shilingi ngapi. Anauliza nitainunua kwa shilingi ngapi.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu anaposema foleni ni adui, mimi nasita. Asubuhi foleni ikishika kuanzia Mafiati, lori la Tunduma linatambaa. Muuza maziwa wa Uyole na madumu yake anapita pembeni akiwa mzima, na ule ukungu wa Juni na Julai haumdhuru sana kwa sababu hakuna anayekimbia. Watoze wenye magari madogo, watapungua, sawa. Lori je? Lile linakwenda Zambia na Kongo, na barabara kuu ya TANZAM inapita katikati yetu. Litabaki, tena litapata nafasi ya kukanyaga mafuta. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Mwezi Februari 2020 nchi zilikutana Stockholm, zikatoa azimio kwamba pale watu wa miguu na wa baiskeli wanapochangamana na magari mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Kwetu maeneo ya makazi ni 50, na hicho kibao cha 50 madereva wengi huanza kukiona trafiki akiwa amesimama chini yake.

Kuhusu malori kuna jambo jingine la London ambalo lingetufaa kuliko hata tozo. Kule wanaendesha kushoto kama sisi. Lori linapokata kona kushoto, dereva aliye juu kwenye kabini hamwoni mtu wa baiskeli aliye ubavuni mwake, na matairi ya nyuma yanabana kona kuliko ya mbele. Waendesha baiskeli wengi wamefia pale. Tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 haliingii London bila kibali kinachotazama dereva anaona kiasi gani kwa macho yake mwenyewe kupitia madirisha ya kabini, na lililopungukiwa lazima liongezewe vifaa vya usalama. Sisemi tuanze na hilo kesho asubuhi. Nasema malori yanayokata kona kuingia kwenye maghala yetu yanafanya mchezo uleule.

Nisieleweke vibaya, tozo inawezekana hata bila kamera. Singapore walianza mwaka 1975 kwa karatasi ya kubandika kwenye kioo cha gari na walinzi wa kuiangalia. Bajaji zetu zina stika za kila rangi, moja zaidi haitaziumiza. Ila fedha ikusanywe kwa kazi gani? London sheria ilitaka mapato ya tozo yatumike kwenye usafiri. Na hapa ningependa iandikwe kabla risiti ya kwanza haijakatwa kwamba fungu linakwenda kwenye njia ya baiskeli.

Ninaposema njia ya baiskeli sina maana ya mstari wa rangi. Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro, walijenga njia za baiskeli pamoja na mabasi ya mwendokasi, na aliyepita pale anajua bodaboda na meza za biashara zilivyojihesabia haki humo. Hii barabara yetu ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ndiyo nafasi yenyewe. Iwekwe kingo za zege ambazo pikipiki haipandi kirahisi, na upana wa kutosha baiskeli yenye mikungu ya ndizi ya Igawilo, maana anayepima kwa baiskeli tupu hajawahi kuona inavyoyumba ikishuka mteremko na mzigo. Zege likishamwagwa, kuja kulivunja kwa ajili ya watu wa maziwa na mkaa hakuna atakayekubali.

La mwisho ni la kuhesabu. Wale watafiti waliweza kujua nani aliumia kwa sababu polisi wa Uingereza huandika kila majeruhi aliyeripotiwa kwao alikuwa kwenye chombo gani, hata aliyejeruhiwa kidogo. Kabla Jiji halijafikiria tozo yoyote, zihesabiwe baiskeli zinazopita Uyole, Mafiati na Mbalizi, na majeruhi wao waandikwe kivyao, mwaka mzima. Kisha tozo ikianza tuhesabu tena. Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Binti yangu na wenzake wamesema watakaa Mafiati kuanzia alfajiri, ila wanataka wapewe viti na mwavuli, na mimi nimeambiwa nilete chai.

Wako,
Fundi Baiskeli,
Soweto, Mbeya