Hija ianze kwa nia za mahujaji, si kwa bango la ajenti

Kwa Mhariri,

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa parokia yetu hapa Eastlands nikahesabu mabango matatu ya hija za ng'ambo. Moja linaahidi nchi tano kwa siku kumi na moja. Vijana wawili wa kwaya walikuwa wakilipiga picha kwa simu, na mama mmoja wa jumuiya yangu ndogo ya Kikristo akaniuliza kama pesa zile zinaweza kulipwa polepole. Nikamwambia aje nyumbani. Tulizungumza hadi saa mbili usiku, na mengi niliyomwambia ndiyo haya ninayoomba nafasi niwaambie wengine, hasa maparoko, wenyeviti wa jumuiya na sisi wanawake wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, ambao ndio hujaza mabasi hayo.

Mimi ni muuguzi mstaafu na mweka hazina wa jumuiya. Miaka mitatu iliyopita tulikwenda hija watu ishirini na saba: Fatima kule Ureno, Lourdes kule Ufaransa, Assisi na Roma kule Italia, na miji mingine saba ya kupitia. Sijutii kwenda. Pale Fatima nilipiga magoti mahali Mama Maria alipowatokea Lucia, Francisco na Jacinta mwaka 1917, nikalia kwa sauti bila kumwonea aibu mtu. Lakini kuna yaliyompata mama mmoja katika safari ile, na hayo ndiyo yanayonifanya niandike.

Tunamwita Shosho, yaani bibi. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na minane. Ana kibanda cha mboga karibu na steji, na kwa miaka miwili na nusu aliniletea pesa kila Ijumaa, mara mia tano, mara elfu moja, nami nikamwandikia kwenye daftari huku akiangalia kalamu inavyokwenda. Nia yake ilikuwa moja tu, Lourdes. Ana mjukuu mwenye kifafa. Alitaka kusali pangoni, pale Bikira Maria alipomtokea Bernadette, aingie kwenye mabafu ya maji ya ile chemchemi iliyochimbuliwa na Bernadette kwa mikono yake mwaka 1858, kisha amletee mtoto maji. Miji mingine yote kwake ilikuwa njia ya kufika hapo.

Kutoka Fatima hadi Lourdes ni kama kilomita 1,000 kwa barabara, yaani uende Mombasa na kurudi, na katikati tulishushwa mara nne kupiga picha mbele ya makanisa makuu ambayo leo siwezi kukutajia majina yake. Tulifika Lourdes siku ya pili jioni. Nilimvua Shosho raba zake nikakuta kamba zimechora alama kwenye ngozi, na nilipobonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, kishimo kilibaki pale pale. Mabafu yalikuwa yamefungwa kwa siku hiyo. Maandamano ya mishumaa ya saa tatu usiku aliyasikia akiwa kitandani hotelini, dirisha wazi, watu wakiimba Ave Maria kwa lugha nyingi. Baadaye nilijua kwamba Lourdes kuna wahudumu wa kujitolea ambao kazi yao ni kuwasukuma wagonjwa na wazee kwa viti vya magurudumu, tena huwaweka mbele. Tungeuliza mapema, Shosho angekuwa mbele usiku ule. Hakuna aliyeuliza, na mimi muuguzi nikiwamo.

Basi lilikuwa liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Kulipokuwa bado giza nilimshika mkono tukateremka hadi pangoni. Tulikuwa na muda wa dakika ishirini hivi. Alipitisha kiganja juu ya mwamba ule uliolainishwa na mikono ya watu, ulikuwa na unyevu, akajipaka unyevu huo usoni. Kisha tukajaza maji kwenye mabomba, katika kichupa cha plastiki chenye umbo la Bikira Maria na kifuniko cha buluu kama taji. Akakiweka kwenye mkoba wake, na hapo ndipo kilipokaa hadi siku ya kurudi.

Uwanja wa ndege wa Roma mkoba ukapita kwenye mashine. Afisa alikuwa kijana mwenye heshima, akaeleza kwamba maji yanayozidi mililita 100 hayapandi na abiria. Hakuna aliyekuwa ametwambia tuyatie kwenye sanduku kubwa. Shosho aliniuliza kwa Kikuyu kama yatamwagwa. Nikamwambia ndiyo. Akafungua kile kifuniko cha buluu, akanywa kidogo, akanipa, nami nikampa aliyekuwa nyuma yangu, na hivyo hivyo mpaka yakaisha, watu wazima tumesimama kwenye foleni bila viatu wala mikanda. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na maji kwenye sanduku alimgawia tulipofika Nairobi, kwa hiyo mtoto alipata. Lakini picha ya ile foleni hainitoki.

Ni nani aliyepanga safari ile? Si Shosho, wala si mimi. Ajenti alikuja na ratiba iliyokwisha pigwa chapa, kamati ikauliza bei, tukaanza kuchanga. Hakuna kikao hata kimoja ambacho hujaji aliulizwa anakwenda kuomba nini. Ninaamini kosa letu kubwa lilikuwa hilo, na mengine yote yalizaliwa nalo. Ukijua nia za watu, utajua ni wapi pa kulala siku nne na ni wapi pa kuacha kabisa. Usipozijua, miji mingi itaonekana kuwa thamani ya pesa zako.

Oktoba iliyofuata, tukisali rozari nyumbani kwa Shosho, alitutolea karatasi iliyokunjwa mara nne, cheti cha ubatizo cha mama yake. Mama huyo alifundishwa dini Gikondi, kule Nyeri, na Sista Irene Stefani, mmisionari wa shirika la Consolata, ambaye watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Wengi wetu tulikuwa Nyeri tarehe 23 Mei 2015 alipotangazwa mwenyeheri. Mimi humheshimu kama mwenzangu wa kazi, maana wakati wa vita vya kwanza vya dunia aliwauguza wapagazi katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, na tarehe 31 Oktoba 1930 akafa kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa. Shosho akauliza, "Sista huyo alitoka mji gani? Na mbona hatukupelekwa huko?"

Mji uliomtuma kwetu ni Torino, kaskazini mwa Italia. Pale ndipo lilipo kanisa la hija la Mama Consolata, yaani Bikira Maria Mfariji, na msimamizi wake kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa Padre Giuseppe Allamano, aliyeanzisha shirika la mapadre wa Consolata mwaka 1901 na la masista mwaka 1910. Mapadre wawili na mabruda wawili wa kwanza waliondoka Torino Mei 1902, na mwisho wa Juni walikuwa Tuthu, Murang'a, kwa Chifu Karuri. Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Papa Francis alimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, na kaburi lake liko katika nyumba mama ya shirika, mjini humo humo. Don Bosco naye kazi yake aliianzia Torino, na tazama ni vijana wangapi wa Nairobi waliojifunza ufundi katika shule za shirika lake. Katika mabango yote matatu niliyoyaona Jumapili, Torino haimo. Tunapelekwa kwenye ratiba zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, tunapita kilomita nyingi kutazama minara, na mji uliotutumia waliowabatiza babu zetu hatuujui hata kwa jina.

Basi safari hii tumeanza upya. Kikao cha kwanza hakikuwa na ajenti wala bei. Kila mtu alipewa karatasi aandike nia yake na mahali pamoja tu ambapo, asipofika, ataona hija haikukamilika. Tulipozisoma, tukabaki na Lourdes, Torino na Roma kwa siku kumi na mbili. Usiku nne Lourdes, mmoja njiani, tatu Torino, tatu Roma. Assisi tumeiacha, na imeniuma sana, kwa sababu nampenda Mtakatifu Fransisko wa Assisi, na mwili wa kijana mtakatifu Carlo Acutis umelazwa huko. Lakini watu wawili tu ndio walioiandika, na mmoja wao ni mimi.

Tumepanga tuwe Torino tarehe 20 Juni, sikukuu ya Consolata. Kutoka tarehe hiyo tukahesabu kurudi nyuma, kwa sababu viza haingoji ari ya mtu. Maombi ya viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na wakati wa Juni ni wa msongamano, kwa hiyo kila pasipoti lazima iwe mkononi kabla ya Krismasi. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ni Italia, ingawa tutatua Ufaransa kwanza. Ada ya mtu mzima ni euro 90, mbali na gharama za kituo cha kupokelea maombi, na bima ya safari iwe ya kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000.

Safari iliyopita tuliandikishana watu thelathini na mmoja, na wanne wakanyimwa viza. Mmoja alikuwa fundi wa viatu ambaye maisha yake yote huweka pesa kwenye simu na chini ya godoro. Wiki moja kabla ya kwenda kuomba, ajenti alimwambia akope, aziweke zote benki kwa siku moja ili akaunti ionekane nzito. Ubalozini wanaijua hila hiyo. Ajenti naye akakataa kurudisha hata nusu ya malipo ya kwanza, na tulipotafuta makubaliano tukakuta hatukuandikiana lolote zaidi ya risiti. Deni lile fundi amelilipa mwaka mzima. Kwa hiyo sasa kila hujaji wetu anapitisha pesa zake halisi benki, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na ajenti tutakayemchukua lazima atuonyeshe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na aandike kwa lugha tunayoielewa ni kiasi gani kinarudi viza ikikataliwa. Daftari la michango husomwa mbele ya wote kila mwezi. Na yeyote atakayetutoza tiketi ya kuhudhuria katekesi ya Papa siku ya Jumatano tutamwacha papo hapo, maana tiketi hizo hutolewa bure. Safari iliyopita tuliilipia.

Kuna wanaosema tuna mahali pa hija karibu, Subukia hapa Kenya na Namugongo kule Uganda, ya nini kupanda ndege. Subukia nakwenda kila mwaka, na mwaka huu kikundi chote kitakwenda, kwa sababu ile njia ya kupanda mlimani hadi kwenye chemchemi itanionyesha magoti ya kila mtu vizuri kuliko fomu yoyote ya daktari. Jumamosi moja kila mwezi tunafanya Njia ya Msalaba kwa miguu katika Bustani ya Ufufuko, Karen, pale alipozikwa Otunga, kadinali wa kwanza wa Kenya. Nimeanza kuwapima shinikizo la damu kabla na baada. Wanaotumia insulini nimewaambia waniletee barua ya daktari na dawa za siku kumi na sita, si kumi na mbili, na zisitiwe kwenye sanduku kubwa. Maji ya Lourdes ndiyo ya sanduku kubwa. Hilo nalirudia kila kikao mpaka wananicheka.

Kwa maparoko wetu nina ombi moja. Kabla ya kuruhusu bango libandikwe ubaoni, muulize kamati: nia za mahujaji zimeandikwa wapi, nizisome? Kama hazipo, bango lingoje.

Shosho sasa ana miaka themanini na mmoja. Ameniambia hatapiga picha nyingi. Lourdes ataomba kiti cha magurudumu, tumekwisha kuandika barua kwa ajili yake. Torino anataka kukiweka cheti cha mama yake mbele ya Mama Consolata. Nimemshauri abebe nakala, cheti chenyewe kibaki. Nimetoa kopi mbili, moja anayo yeye, nyingine iko kwangu ndani ya bahasha ya risiti za kikundi.

Mweka hazina wa jumuiya,
Umoja, Nairobi