Kabla ya ghorofa za vioo, tupeni njia ya kwenda ziwani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia. Habari yenu ya juma lililopita kuhusu mawazo ya kuijenga upya katikati ya Jiji la Mwanza imenishinda kunyamaza. Mliweka michoro mikubwa ya ghorofa za vioo, mgahawa unaoelea majini na magari ya nyaya yapite juu ya miamba hadi Capri Point, ile rasi ya mjini. Niliikagua yote nikitafuta mahali ambapo mtu asiye na hela mfukoni anaweza kukaa akalitazama ziwa. Sikupaona.

Shangazi yangu alikuja kutoka Ukerewe kutibiwa. Tulipomaliza hospitali, zilibaki saa kadhaa kabla ya meli ya kurudi Nansio, bandari ya Ukerewe, na miguu yake ilikuwa imevimba. Akaniambia anataka kukaa karibu na maji apate upepo. Huyu ni mtu aliyekulia ziwani, ameoga humo, amefua humo, ameolewa kwa mvuvi. Tukatoka mjini kati tukifuata ufukwe. Kwanza ukuta, kisha geti, kisha ukuta mwingine, kisha uzio wa mabati wenye kibao cha kutukataza. Hatimaye tukafika penye hoteli moja ambayo bustani yake inashuka mpaka majini, na viti vilikuwa vitupu. Mlinzi akatusimamisha. "Bibi, hapa ni kwa wateja tu." Nikamwomba amruhusu mgonjwa apumzike kidogo, nikamwonyesha hata vyeti vya hospitali. Akasema niagize kwanza vinywaji, tena kwa bei ambayo ingemaliza nauli ya shangazi. Tukageuka. Njiani akaniuliza: "Mwanangu, siku hizi ziwa nalo lina mwenyewe?" Nilikosa jibu, na mpaka leo sina. Mwanamke wa Ukerewe aliingojea meli yake ameketi juu ya ndoo aliyoazimwa na muuza karanga, jua la mchana likimchoma, ilhali Ziwa Victoria liko nyuma ya ukuta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo 60, hapa mjini, ziko wapi? Najua historia. Reli ilipofika mwaka 1928, ufukwe wa mji ulipewa magati, maghala na mabehewa, na pamba ya Usukuma ikapitia hapo. Bandari inahitaji maji, siligombi hilo. Lakini kila eneo lililobaki wazi tumeliachia kuta.

Na hata kufika huko ufukweni ni kazi. Mwishoni mwa 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara, tukaambiwa waenda kwa miguu watapata nafasi. Mama lishe niliyezoea kununua uji kwake akapelekwa mbali na wateja wake. Nafasi aliyoiacha imechukuliwa na magari. Yanapanda juu ya njia ya miguu, yanaegeshwa hapo tangu asubuhi hadi jioni, na mzee mwenye fimbo anateremka barabarani kukwepana na bajaji na bodaboda. Aliyekuwa akiuza uji alifukuzwa kwa kuziba njia. Mwenye gari anayeiziba njia ileile anakatiwa risiti ya maegesho. Nani aliona hiyo ni haki?

Turudi kwenye michoro. Mto Mirongo, unaokatisha mji wetu, haukuwamo hata kwa mstari mmoja, kana kwamba mbunifu anaona aibu kuutaja. Kila mvua kubwa unamwaga tope na chupa za plastiki ziwani, na watu wa mtaa wa Mabatini wanalala roho juu wakihofia mafuriko. Kule Seoul, Korea Kusini, kijito cha Cheonggyecheon kilikuwa kimefunikwa na barabara ya juu kwa juu. Waliibomoa wakakifungua, na tangu 2005 watu wanatembea kandokando yake katikati ya mji. Kama Korea ni mbali, bustani ya Forodhani ya Zanzibar ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009, na mpaka leo mtu anakaa pale mbele ya bahari bila kuulizwa ameagiza nini.

Ombi langu ni njia moja ya miguu, kutoka Mirongo unapoingia ziwani hadi Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu uliosimama majini. Penye gati au kivuko, izunguke nyuma yake. Upana wake uruhusu viti viwili vya magurudumu kupishana. Ipandwe mikuyu na miembe, wala si minazi ya mapambo isiyo na kivuli. Kila hatua 40 pawe na benchi la mawe ya hapahapa, lichongwe na mafundi wa Mwanza. Pawe na bomba la maji ya kunywa na choo kinachofunguliwa hadi meli ya mwisho iondoke. Wauza samaki na mama lishe wapewe meza zao humo. Geti lisiwepo hata moja. Hayo yakikamilika, leteni magari ya nyaya, nami nitapanda.

Kwa sasa, Mhariri, mtumeni mwandishi wenu akaombe ramani ya mita 60 za ufukwe wa katikati ya jiji, yenye jina la kila anayekalia kila kipande na kibali alichopewa. Ichapisheni ukurasa mzima, mahali palepale mlipoweka zile ghorofa.

Mwalimu mstaafu,
Isamilo, Mwanza