Kioo cha kuchoma si stika, na bei yake haiwezi kuwa ya stika

Malalamiko ni yale yale: "Mbona wa stika anachaji robo ya bei yenu?" Juzi mama mmoja alituambia waziwazi kwamba tunalangua. Sisi tunachapa michoro kwenye kioo kwa rangi inayochomwa tanuruni, wa stika anabandika tu juu ya kioo. Basi tueleze anacholipia mteja.

Kazi inayoagizwa zaidi ni ya vioo vitatu vinavyosimamishwa kimoja nyuma ya kingine. Kila kioo kina alama ya kidole cha mwanafamilia mmoja, imekuzwa mpaka kidole hukioni tena, unaona mawimbi tu. Ukisogea hatua moja, mistari ya baba inaingia kati ya mistari ya mtoto, ukirudi, inaachana. Wapo wanaonung'unika kwamba hawaoni sura ya mtu. Sura hubadilika. Mistari ya kidole mtu huzaliwa nayo na huzikwa nayo, na hata mapacha wa kufanana hawalingani.

Rangi yetu ni unga wa kioo wenye madini ya rangi. Tunaukoroga na mafuta, tunaupitisha kwenye skrini, yaani kitambaa cha wavu kinachoacha wazi sehemu za mchoro tu, kisha kioo kinaingia tanuruni kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600 mpaka unga uyeyuke na kushikana nacho. Kinachokula muda ni kupoza. Tanuru likifunguliwa mapema, kioo kinapasuka, pengine kikiwa tayari ukutani kwako. Ndiyo maana "nakitaka kesho" hatuikubali.

Kabla ya kuchapa tunakifuta kwa spiriti na hatukigusi tena kwa mkono mtupu, maana palipobaki mafuta ya kidole rangi haishiki. Bibi harusi mmoja alikishika akikitazama. Tulianza kusafisha upya.

Kuna mteja alituletea kioo chake mwenyewe ili apunguze gharama, kile kigumu cha milango ya maduka. Ugumu ule unatokana na kupashwa moto na kupozwa ghafla. Kikirudi tanuruni na kupoa taratibu, kinabaki kioo cha kawaida. Tulimweleza, akaenda kubandika stika jikoni. Mvuke ukaingia pembeni, ikavimba. Aliporudi kwetu alikuwa ameshalipia stika, ameshamlipa wa kuibandua, na wembe umekwaruza kioo.

Ukija, njoo na vipimo vya ukuta pamoja na watu wako, alama tuzichukue kwa wino hapa hapa. Picha ya simu haitoshi, mistari inaungana. Malipo ya awali ni nusu, na hayarudishwi tukishachoma.