Leza haisagi udongo wa Pugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala mliyochapa kuhusu unga laini wa kauri, ambamo msomaji aliachwa aamini kwamba miale ya leza husaga udongo kama kinu kinavyosaga mahindi, na kwamba kaolini yetu ya Pugu, yaani udongo mweupe wa kufinyangia, inangoja mashine moja tu igeuke kauri ya injini.

Katika njia waliyoibuni John Haggerty na wenzake huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, hakuna kinachosagwa. Gesi ya silani, ambayo ni muungano wa silikoni na hidrojeni, huchanganywa na amonia, kisha mkondo wake hupitishwa mbele ya leza ya kaboni dioksidi, ambayo miale yake yenye urefu wa mawimbi wa mikromita 10.6 hufyonzwa na gesi yenyewe. Gesi hupata joto kali kwa kitambo kidogo mno, huvunjika, na chembe za naitridi ya silikoni, yaani kauri ngumu ya silikoni na nitrojeni, huzaliwa humo humo na kupoa kabla hazijanenepa, bila kugusa kuta za chombo. Upana wa kila chembe ni makumi ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Mchemraba wa sentimita 1, ukikatwa vipande vya nanomita 20, hutoa uso wa mita za mraba 300, karibu viwanja viwili vya voliboli, na ukubwa huo wa uso ndio unaozihimiza chembe kushikamana tanurini.

Kushikamanisha chembe huko, kulikopewa sentensi moja tu katika makala, ndiko kugumu. Unga laini mno huganda mabonge kabla haujafika kwenye kalibu, na matundu kati ya mabonge hubaki hata baada ya kuokwa. Wanaotaka leza hiyo hiyo imulike kipande kilichoshindiliwa ili ikikaze wawaulize wafinyanzi: joto la ghafla huishia juu juu, ndani kukabaki baridi, na kauri ikapasuka. Kwa hiyo tanuri bado linatumika, mara nyingi pamoja na mgandamizo.

Kaolini si silani. Silani hutengenezwa viwandani, nayo huwaka yenyewe ikikutana na hewa, kwa hiyo si kitu cha kuwekwa kwenye karakana ya uani. Udongo wa Pugu unafaa kwa sahani na vigae, na kwa kazi hiyo kinachotakiwa ni kuuosha vizuri, ungo mwembamba, na tanuri lenye kipimajoto cha kuaminika, ambavyo mwandishi wenu hakuvitaja hata kimoja.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Kimara, Dar es Salaam